Waya Unaopita Chumbani kwa Mama Mkwe

Ingi, uko wapi? Nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Fundi wa simu kaja kuangalia kwa nini intaneti inakatika kila nikianza kufundisha. Anasema waya wa shaba unaingia kwanza chumbani kwa mama mkwe, ghorofa ya juu, halafu ndio unashuka kwetu, umeungwaungwa. Akiinua simu yake tu, huku chini kwaheri.

Nikamuuliza, hakuna njia nyingine? Hakuna! Iskandaria yote hii, faiba haijafika kichochoroni kwetu, na bando la simu unalijua, linaisha kabla ya somo.

Basi mdomo wangu huu! Nikasema, "Mkatie huyo bibi kizee! Simu yenyewe ya umbea tu!"

Kumbe fundi ameshika mkonga wa simu, anapima laini. Mkonga ukaongea. Ingi, UKAONGEA!

"Waya ni mmoja, mwanangu. Nakusikia. Miaka yote nawasikia."

Nawasikia. Si nakusikia. NAWASIKIA. Mimi na wewe, tukimteta simuni!

Shihab kacheka mpaka kakaa sakafuni. Mume gani huyu?

Fundi kasema dawa ni moja, modemu ikae pale waya unapoingia. Kwa hiyo hapa nilipo ni kitandani kwa mama mkwe, somo linaanza sasa hivi, naye kanibana ubavuni na sahani yake ya keki ya basbusa. Kila siku itakuwa hivi. Kila siku!

Kaniuliza namwandikia nani.

Anakusalimia. Anasema ule utani wa meno yake ya bandia kupiga makofi, ulianza wewe.