Leso Mia Zasema A, Karatasi Yasema B ya Kutoa

Bi Mshauri mpenzi, assalaam alaykum, nakuandikia unisaidie kabla ya Jumatatu.

Mimi ni mama wa Mji wa Kale, shule niliishia darasa la saba, lakini tumbo langu limezaa akili, sijisifu, mtaa mzima wajua. Binti yangu Lamis kwenye mtihani wa majaribio alipata A ya Kemia, A ya Fizikia na A ya Bayolojia, na mimi kwa furaha nikachapisha leso mia, sare ya kina mama siku ya dua ya kumuombea mtihani wa taifa, na jina la leso nikalitunga mwenyewe: KEMIA A, FIZIKIA A, BAYOLOJIA A, DAKTARI NI WETU, WA KUNUNA NA ANUNE. Hilo la kununa nilimkusudia jirani yangu Ruweida, naye akawa wa kwanza kuivaa, akashukuru.

Sasa matokeo yametoka. Fizikia A, Bayolojia A, Kemia B ya kutoa, ile yenye kijistari mbele yake. Udaktari wataka Kemia isipungue B, kwa hivyo kwa kijistari kimoja, Bi Mshauri, kijistari kifupi kuliko kope, mwanangu amekosa udaktari akapangiwa chuo kikuu kusomea udongo. Udongo! Na kinachoniuma, mwenyewe amefurahi, ndio alioujaza chaguo la pili, maana tangu zamani huchota mchanga wa Kibarani, pale palipokuwa jaa la taka, akautia kwenye mikebe yangu ya bizari aone utaotesha nini, na siku moja wifi yangu nusura autie kwenye mchuzi wa pweza.

Nikamwambia, "Rudia Kemia, mwanangu, mwaka ni kupepesa jicho."

Akanambia, "Mama, mimi sirudii mtihani kwa ajili ya leso."

Hatoki tena, asema akifika mtaa wa Makadara alama zake zampita zikitikisika viunoni mwa watu. Wagonjwa nao, waliosoma leso, hawaishi mlangoni. Juzi mzee Allarakha mwenye duka alileta goti lake, Lamis akamwambia, "Babu, mimi naenda kusomea udongo." Mzee akakunja suruali: "Kwani mimi sikuumbwa kwa udongo? Tazama!"

Na hapa ndipo penye dhambi yangu. Jumatatu chuo chapokea wanafunzi, bila karatasi ya matokeo hapokewi, na hiyo karatasi nimeificha mimi chini ya godoro langu, mwanangu aipekua nyumba nzima akilia na mimi namsaidia kutafuta. Nimuache aende? Au kwanza niwaite wale kina mama mia waje na sindano, tuizibe A ya Kemia kwa kiraka, tushone juu yake B na kijistari chake?

Mama Daktari, kwa sasa

JIBU

Wa alaykum salaam, Mama Daktari. Sindano weka chini, kisha inuka kwenye hilo godoro.

Mama aliyeishia la saba akaona A tatu ana haki ya vigelegele, sikulaumu. Lakini mtihani wa majaribio ni posa tu, bibi, nawe ukapiga vigelegele vya harusi. Hilo nimelisamehe. La karatasi silisamehe. Mtoto analia, nawe wainua mito pamoja naye! Kijistari kimemkosesha udaktari. Wewe wataka kumkosesha chuo kizima. Nani aliyemkata alama nyingi zaidi?

Leo hii mpe karatasi mkononi. Usiseme umeiokota. Sema uliificha, umuombe radhi, na akinuna na anune, si ndivyo ulivyoandika? Mzee Allarakha mpelekeni hospitali, goti halingoji shahada. Leso ziacheni, zitapauka zenyewe kwa sabuni na jua. Mikebe ya bizari mfungashie yote, ununue mingine. Na Jumatatu umsindikize wewe mwenyewe, mlangoni pa Ruweida usiongeze mwendo, ukiulizwa ujibu kwa sauti ile ile ya siku ya dua: "Kemia B ya kutoa, mwanangu asomea udongo!"

Leso yako hata mimi ninayo, shoga yangu aliniletea. Siku Lamis akihitimu nitaivaa nije kumtunza kwa noti, na hiyo Kemia A nitaikalia kitini.