Mume Wangu Anamnywesha Baba Mafuta ya Mwani Kisirisiri

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla sijatamka neno nitakalolijutia, maana nyumba yangu ina wanaume wawili, baba yangu mzazi na mume wangu, na katikati yao kuna chupa ya mafuta, na siri ya chupa hiyo naijua mimi, au nadhani naijua, na hapo ndipo ninapoumia.

Mume wangu, nimwite Eilif, analisha samaki aina ya samoni kwenye vizimba vya baharini hapa kisiwani, anakaa mbele ya skrini akiwaangalia samaki wanavyokula, ni mpole, hapendi maneno. Baba, nimwite Oddmund, amevua maisha yake yote wale samaki wadogo wanaokamuliwa mafuta kiwandani, na mafuta hayo ndiyo waliyokuwa wakilishwa samoni, kwa hiyo wawili hawa walikula meza moja bila ugomvi mpaka kampuni ya Eilif ilipotangaza kwamba kwenye chakula cha samoni itapunguza mafuta ya samaki na kuweka ya mwani, ule mwani mdogo hata macho hayauoni, unaokuzwa kwenye matangi. Jumapili hiyo baba aliisukuma sahani yake ya samoni akasema, "Samaki anayelishwa majani ni mbuzi, na mimi mbuzi namtaka mwenye pembe!" Eilif akamweleza taratibu kwamba hao samaki wadogo hawatengenezi mafuta yale mazuri wenyewe, asili yake ni mwani wa baharini, "kwa hiyo, baba, sisi tunamruka tu huyu wa katikati." Lo! Baba akaipiga meza mpaka viazi vikaruka. "Huyo wa katikati ni mimi, mjinga wewe!" Kisha akaapa kwamba ulimi wake haudanganyiki, na tone moja la mwani likimgusa mdomoni atalitema papo hapo.

Sasa mshauri, unajua desturi yetu, baridi ikianza kila mtu hupata kijiko chake cha mafuta ya ini la samaki asubuhi kabla ya kahawa, na kwetu anayemimina ni baba tangu nikiwa mtoto, lakini vuli hii Eilif akasema mikono ya mzee inatetemeka, wacha amimine yeye, nami nikajiuliza, Eilif huyuhuyu anayebana pua kila akikaribiwa na kijiko? Nikaanza kuchunguza. Paka wetu Pusur, ambaye hajawahi kuniachia kijiko nikioshe kabla hajakilamba, sasa anakinusa, ananitazama kama nimemtukana, anaondoka zake. Mafuta hayarudi kooni tena mchana kwa ile harufu yake. Siku moja nikaingia kwenye banda la mashua kutafuta kamba, nikakuta nyuma ya nyavu kuukuu chupa tupu za mafuta ya mwani, yale ya kunywa watu yanayouzwa dukani, na faneli. Faneli, mshauri! Mtu mwenye faneli ana nia.

Nikazifunika tena na nyavu. Mwanzoni nilidhani kampuni imemtuma atujaribu kama samaki, kisha nikadhani ana wasiwasi na moyo wa mzee, kisha nikamshuku hata baba kwamba anajua na anajifanya, maana paka amejua, yeye asijue? Lakini baba anapangusa masharubu kila asubuhi na kusema, "Haya ndiyo mafuta! Ya samaki wa kweli! Magoti yangu yanakiri," na Eilif anakohoa ndani ya kikombe chake.

Alhamisi kuna mkutano ukumbini, wavuvi na watu wa kampuni, na baba ndiye atakayesema kwa niaba ya wavuvi. Eilif hajawahi kuhudhuria mkutano wowote, lakini juzi nimemkuta anapiga pasi shati.

Nikamuuliza, "Unakwenda kufanya nini?"

"Kusikiliza."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Nina hakika atasimama mbele ya kisiwa kizima aseme mzee huyu amekunywa mwani tangu vuli na kuusifu. Baba hatainua kichwa tena. Nikimwambia baba, nimemsaliti mume wangu, nikinyamaza, sijui nimekuwa nini. Nifanye nini? Nakuandikia kwa amani kwa sababu baba hasomi gazeti hili, anasema kazi ya gazeti ni kufungia samaki.

Mwenye Mashaka, kisiwani


Mwenye Mashaka, dada yangu,

Pole. Kukaa kati ya baba na mume si kukaa, ni kubanwa. Nimekupa pole, sasa nisikilize.

Umemshuku mume, ukashuku kampuni, ukamshuku na mzee wa watu aliyekaa anapangusa masharubu yake. Paka naye amepona kwa sababu ndiye shahidi wako. Lakini katika barua yote hii ndefu sijaona mahali ulipomuuliza mumeo jambo moja tu: "Eilif, umetia nini kwenye chupa?" Umemuuliza habari za shati! Mwanamke mzima unazunguka bandani kama mpelelezi, halafu asubuhi unafungua mdomo na kumeza.

Kuhusu mafuta yenyewe, tulia. Kama ni hayo ya kunywa watu, baba yako hakunyweshwa sumu. Na hoja ya mumeo ina uzito, bahari haiwezi kukamuliwa milele ili samoni wetu wanenepe. Hoja ya baba yako nayo ina uzito, maana anayerukwa ana jina na ana mashua. Wabishane! Mikutano imewekwa kwa ajili hiyo. Lakini hoja nzuri ukiimimina kinywani mwa mtu bila yeye kujua, si hoja tena, ni hila. Samoni haulizwi anataka kula nini. Baba mkwe huulizwa. Eilif amekaa mno mbele ya ile skrini mpaka amesahau tofauti, na umwambie nimesema mimi.

Unauliza, je, mzee anajua? Huenda anajua. Huenda Alhamisi ana lake, naye anamngoja mkwewe asimame. Hayo hayakuhusu. Linalokuhusu ni ulichojua wewe.

Fanya hivi. Gazeti hili linatoka Jumanne, na usijidanganye, gazeti la kufungia samaki husomwa na kila anayefungua samaki. Nimekutumia jibu hili mapema ili Jumatatu asubuhi, kabla ya kahawa, uiweke faneli mezani, wote wawili wakiwepo. Usipige kelele. Mwambie Eilif aseme mwenyewe alichofanya. Akigugumia, sema wewe. Baba atatukana, mwache atukane, nyumba ni yake pia. Kisha wakitaka kwenda ukumbini waende, kila mmoja na hoja yake, bila mtego mfukoni.

Usingoje Alhamisi. Baba yako akiyasikia ukumbini, atamsamehe Eilif, maana mkwe ni mtu wa kuja na ugomvi wao ulikuwa wa wazi. Lakini atageuka kwenye kiti akutafute wewe kwa macho, aone kama na wewe umeshtuka. Na wewe, dada, hutakuwa umeshtuka.