Mstari Mwekundu kwenye Nati

Baba,

Ejok. Najua hutanijibu, lakini nikianza bila salamu ungenikaripia hata huko uliko.

Ni miezi minane sasa. Gereji iko palepale Kanamkemer, jeki yako bado inavuja oili, na wateja wameacha kuniuliza "fundi yuko wapi?" Wakiniona nimelala chini ya gari wanaketi kungoja. Hilo ungelipenda. Au ungekasirika, sijui. Miaka yote ulinifukuza chini ya magari: "Akiru, wewe shika kalamu."

Nakuandikia kwa sababu ya Deng. Ndiyo, Deng wako.

Nilimwonea wivu yule Msudani, Baba. Acha niseme leo, maana ulipokuwa hai nilijifanya sijali. Gari lilipokuharibikia Kakuma ukakaa wiki mbili kambini kwa wakimbizi, ulirudi na jina moja mdomoni. Deng ana sikio. Deng anajua nati imelegea kwa kuigonga tu. Deng hivi, Deng vile, mpaka chai inapoa. Na mimi niliyekuletea spana tangu darasa la tano, nilikuwa na nini, pua tu? Siku ya mazishi akaja na karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini, akasimama kaburini akalia "Baba! Baba!" mbele ya watu wote. Nilitamani kumsukuma. Baba wa nani?

Sasa sikiliza nilichofanya.

Ekai dereva alileta lile lori lake dogo la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kupeleka samaki wa Kalokol hadi Kakuma. Shida ni ileile: malori makubwa ya chakula yamechimba mifereji miwili kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, na lori la Ekai ni jembamba, halienei. Gurudumu moja likiingia mferejini, jingine linapanda tuta, mzigo unalala upande. Alitaka spesa. Nilimfungia mwenyewe, Baba, yale mapande ya chuma ya mviringo yaliyochongwa Kitale, moja kati ya kila rimu na habu inayoishikilia, hadi magurudumu yakatoka nje na lori likasimama limetanua miguu. Nilikaza kwa mpangilio wako, nati hii kisha ya upande wa pili, nikaning'inia kwenye spana kwa uzito wangu wote. Kazi safi kabisa.

Lakini sikuchora mstari.

Unakumbuka mstari ulivyoanza? Ulinikuta napaka kucha rangi nyekundu, nikajua leo nimepatikana. Ukaitazama ile chupa, ukanitazama, ukasema, "Mkono wako hautetemeki. Njoo uchore hapa, toka kwenye nati hadi kwenye rimu." Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na mtu anaona. Spesa mpya lazima zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, ndiyo maana ulimweka Deng kule: sisi tunafunga Lodwar, yeye anaangalia mstari na kukaza Kakuma. Nilichora kila gari. Nilidhani umenipa kamchezo ka mtoto ili ninyamaze, huku kazi yenyewe ukimpa yeye.

Basi nikasema moyoni, mstari wa nini? Wa kusomwa na Deng? Asome hewa. Nikamwambia Ekai, "Ukifika Kakuma kaza mwenyewe, usimsumbue mtu." Ekai akasema sawa, vile Ekai husema sawa kwa kila kitu. Hakukaza.

Alirudi Jumamosi bila kucheka. Anasema akina mama wanne wa samaki walikuwa wameshapanda, wamekalia magunia matupu, injini inanguruma, Deng akapita pale sokoni. Akaona magurudumu yametoka nje. Akazunguka lori mara mbili, kisha akasimama mbele ya bampa.

"Mstari wa Akiru uko wapi?"

Ekai akamwambia toka, tumechelewa. Deng akagoma. "Mzee aliniambia huu mstari ni wa binti yake. Ukiwa mzima, Akiru amekaza. Ukikatika, barabara ndiyo imelegeza, si Akiru. Usipokuwepo, hakuniambia nifanye nini. Wamama washuke." Wakashuka wakimtukana, naye akakagua na kukaza upya kila nati. Gurudumu la nyuma la kushoto, Baba, nati tatu alizifungua kwa vidole.

Kwa vidole!

Nilienda nyuma ya pipa la maji nikalia hadi Mama akauliza kama nimeumwa na nge. Nililia kwa ajili ya wale wamama, maana mmoja wao ndiye aliyetuletea samaki wa matanga yako bila kuulizwa. Halafu nikalia kwa hasira. Ungepungukiwa na nini ukiniambia mimi hicho ulichomwambia Deng? Miaka sita nimetafuta neno hilo usoni mwako, kumbe liko Kakuma, amekaa nalo mtu mwingine. Hapo wivu ukaanza upya, sikufichi.

Alhamisi napanda lori la Ekai. Nitakaa juu na wamama, juu ya magurudumu niliyofunga mimi. Nitamwomba Deng msamaha, kisha nitamwambia anisimulie yote uliyowahi kusema juu yangu, neno kwa neno, hata kama ni siku nzima. Na anifundishe kusikiliza nati. Akikuita Baba, sitamsukuma. Nitajaribu.

Pumzika sasa, Baba, usinihangaikie. Nakuahidi hakuna gari litakalotoka hapa bila mstari. Leo asubuhi nimechora lori la Ekai, nati zote. Mkono ulitetemeka kwa mara ya kwanza, lakini mstari umenyooka.

Kwaheri.

Binti yako,
Akiru