Kuogelea Juu ya Benchi, Kawangware

Sasa dadangu Nekesa,

Mabega yananiuma. Mchana nabeba mawe mjengo, jioni nalala kifudifudi kwenye benchi la ploti ninakopanga chumba na kuvuta tyubu za baiskeli nilizofunga kwenye nguzo, ndiyo mikono isisahau kuogelea ziwani. Jana mwenye ploti, Mama Njeri, alipiga nduru, “Ameshikwa na kifafa!” akanimwagia ndoo nzima ya maji. Nikamweleza kwamba Krismasi mimi na wewe tutaogelea mpaka kisiwani, lakini nimechoka, nataka kuacha. Akakalia mwisho wa benchi lisiyumbe. “Vuta basi. Unataka dadako aende peke yake?” Nikavuta mpaka giza likaingia.

Salimia watoto. Kula vizuri, na uningoje.

Nduguyo,
Wafula