Kitabu Ulichopikia Ugali

Baba yangu wa Kimulot,

Kaka Kiprono amenipigia simu. Anasema ugonjwa wa sukari umemaliza macho yako, redio imekuchosha, na sasa unataka nije nikusomee "zile hadithi zake za watu wasiokufa." Nilicheka, Baba. Nilikuwa dukani kwangu hapa Kericho, wateja wanne mbele yangu, nikacheka mpaka mmoja akaniuliza kama ni habari njema.

Unakumbuka hadithi ya kwanza? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu aliniazima kitabu cha mtu aliyevunjika mguu kwenye mlima wa theluji, akabaki na biskuti sita, akawa anateremka kwa makalio. Theluji sikuijua, lakini baridi ya Kimulot asubuhi, majani yakiwa na umande, niliijua vizuri. Nilikisoma katikati ya michai, nikakificha kikapuni chini ya majani ya chai niliyochuma, na kila siku nilikitoa kabla ya kufika kituo cha kuuzia majani. Siku moja ukakibeba kikapu mwenyewe.

Karani alimwaga majani mezani yachambuliwe, kitabu kikaanguka juu yake. Foleni nzima ilivunjika mbavu.

"Mzee, haya majani yamesoma kutuzidi!"

"Yako darasa la ngapi?"

Karani hakucheka. "Hii ni kuongeza uzito, mzee. Wengine huweka mawe." Akakataa kilo zote kumi na nane. Wewe, mzee wa kanisa, ukaitwa mwizi kwa sababu ya kitu kisichofika robo kilo. Hiyo aibu naielewa. Naitaja ili usidhani sijui kupiga hesabu ya upande wako.

Lakini jioni ulinikalisha jikoni, Mama akiangalia, nikachana ukurasa mmoja mmoja na kuutia motoni mpaka maji ya ugali yakachemka. "Weka ingine," ulisema. Nilikuwa nimefika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Ulipomega tonge la kwanza ukasema, "Leo kitabu kimepika." Ndugu zangu wakacheka. Na mimi nilikula, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Mwalimu hakuniazima tena. Miaka kumi na tisa baadaye nilikipata kwenye rundo la vitabu vya mitumba mjini, nikakimaliza nikiwa nimesimama. Yule mtu alifika chini siku ya tisa. Tangu hapo nimekusanya vya aina hiyo arobaini na moja: wachimba migodi waliofukiwa, mama aliyeelea baharini juu ya mlango. Vyote nimevisoma mara mbili.

Sasa nasikia unawaambia wageni, "Huyo, mimi ndiye nilimfanya mgumu." Baba, katika vyote arobaini na moja sijakutana na hata mtu mmoja aliyerudi kuishukuru theluji.

Kutoka hapa mpaka kwako ni saa moja na nusu. Gari ninalo. Jumamosi duka linaweza kufunguliwa bila mimi. Sauti pia ninayo, kanisani ni mimi husoma. Kwa hivyo sitakudanganya eti kazi ni nyingi ama barabara ni mbaya. Siji tu.

Kiprono ndiye atakusomea barua hii. Unajua husoma polepole, akikwama kila mstari. Mvumilie mpaka mwisho, kwa sababu kutoka kwangu ni hii tu utakayosomewa.

Ubaki salama.

Binti yako wa pili