Harufu Iliyotoka Pande Mbili

Ghorofa ya pili, nyuma ya duka la vioo
Jumatano, tarehe 12

Mpendwa Baba Mdogo,

Daktari wa ngozi alitamka jana mchana: harufu ya mdogo wangu haitokani na uchafu. Nimeitanguliza habari hiyo mbele ya salamu, uniwie radhi. Sasa, shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na ule mguu uliokuwa ukivimba? Sisi huku wazima, isipokuwa hasira, ambayo ni yangu peke yangu na sina mpango wa kuitibu.

Kipimo cha mkojo kimeonyesha kwamba mwili wake unashindwa kuvunja kemikali inayotokana na vyakula kama mayai, maini, maharage na samaki wa baharini. Isipovunjwa hutoka kwenye jasho, pumzi na mkojo, ikinuka kama samaki aliyelala. Maji hayafiki inakotoka.

Unajua alivyokuwa akijisugua. Alifikia kutumia dawa ya kuondolea madoa ya nguo, mpaka makwapa yakachubuka. Na mama, kwa kumwona anakonda kwa mawazo, akawa anamkaangia mayai kila asubuhi: "Kula mwanangu, upate nguvu." Harufu ikazidi. Mama alipoelezwa hayo na daktari akawa anakunja na kukunjua mtandio wake.

Lakini mama alikosea kwa mapenzi. Shangazi ni habari nyingine. Kwenye karakana yake ya ushonaji alikuwa akijisifu kwamba mafundi wake, mdogo wangu akiwemo, wanashiba: mchana maharage, au samaki. Alimlisha harufu kwa mkono wake, kisha akamfukuza nayo. Tena mbele ya wateja: "Bibi wee, wenzako wameshika nguo, wateja wameshika pua! Kwenu hakuna maji? Ndiyo malezi ya mama yako hayo!" Jasho la hofu huizidisha harufu hiyo, kwa hiyo kila alipofokewa ilipanda.

Mwenye kiwanda cha sare yuko tayari kumpa mdogo wangu cherehani, ila shangazi amemnong'oneza kwamba harufu hiyo itamfukuzia wateja. Sasa mwenye kiwanda anasitasita, na mwisho wa mwezi atachukua mtu mwingine.

Daktari alisema jambo moja zaidi, nami nikamwomba alirudie. Tatizo hili hurithiwa kwa baba na kwa mama kwa pamoja. Nusu ni ya upande wa mama, sikatai. Nusu nyingine ni yenu. Nilimsimulia uliyoniambia, kwamba marehemu bibi, mama yenu, alinuka hivyohivyo maisha yake yote. Akajibu kwamba kama bibi alikuwa nalo, watoto wake wote wamelibeba, hata wasionuka. Yaani baba, wewe, na shangazi.

Kulibeba si aibu, daktari alisisitiza. Nakubali. Aliyelifanya aibu ni shangazi, aliyelala kitanda kimoja na bibi mpaka alipoolewa.

Mdogo wangu anasema, "Mwache tu, atachoka mwenyewe." Mimi simwachi, na usinishauri nimsamehe. Shangazi ameitisha kikao ili mama aombe radhi kwa malezi mabaya, na amealika wakwe zake wote washuhudie. Nimemjibu kwa adabu kwamba tutafika. Hadhira kaikusanya mwenyewe. Nitayasema yote, kisha nitamtaka ampigie mwenye kiwanda palepale afute maneno yake, sote tukisikia. Akibisha habari za bibi, nitakuhitaji wewe: hatathubutu kumwita kaka yake wa tumbo moja mwongo.

Leo mdogo wangu ameanza kupunguza vyakula hivyo kwa maelekezo ya daktari, bila kuviacha vyote, na anaogea sabuni laini isiyochubua. Haitaisha, tumeambiwa, ila itapungua.

Msalimie mama mdogo, mapacha, na jirani yako seremala. Mungu akuzidishie afya, na sauti yako iwe na nguvu siku hiyo.

Kikao ni Jumapili ya tarehe 23, saa nne asubuhi, sebuleni kwa shangazi. Piga saa nne na nusu. Simu itakuwa mezani, spika imewashwa.

Mwanao akupendaye, na asiyesahau,
Yule mwandishi wa magazetini