Sufuria la Shangazi, Sehemu ya Pili

Dunda,
Bagamoyo.
9 Novemba 2025

Mpendwa binamu yangu Mikdad,

Assalaam aleykum warahmatullah. Kabla ya yote nakujulia hali wewe, mkeo Khairat na wanao. Nasikia manyunyu ya huko ughaibuni kwenu, Salala, yamekwisha na jua limerudi kazini. Hapa kwetu vuli inatuzungusha tu: wingu linakuja, linatuchungulia, linakwenda zake. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa magoti ya shangazi yangu, mama yako, ambayo humsumbua akitaka kuinuka na hupona akisikia habari ya harusi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua kama watu wa zamani na simu ninayo. Ni kwa sababu ujumbe wa simu unaujibu kwa picha ya kidole gumba, nami nimechoka kuzungumza na kidole. Jirani yetu Ghaith anakuja huko kwa biashara zake, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Harusi ya Nasrin, binti wa dada yako Samia, ni mwezi wa Rajabu, inshallah. Hilo unalijua. Bwana harusi ni kijana wa Mkange, mpole mpaka anatutia wasiwasi. Usilolijua ni kwamba Msabaha ametokea tena, na anataka kupiga sehemu ya pili ya sinema yetu humo humo harusini.

Wakati ule Msabaha hakuwa na kitu ila kamera ya kupigia harusi za watu. Siku hizi ana ofisi Dar na vijana wa kumbebea kiti. Anasema watu bado wanamwuliza habari za Sufuria la Shangazi, na vijana wanaikata vipande na kutumiana. Sikumwamini, mpaka juzi dereva wa bodaboda aliponitazama vizuri, akakohoa mara mbili kama nilivyokohoa kwenye sinema, akaniuliza kama ndiye mimi. Nilijidai simwelewi, lakini moyoni nilifurahi hadi nikapitiliza nyumbani.

Mikdad, unakumbuka siku ile? Harusi ya Samia, na sisi mabinamu ni watani, tuna haki yetu ya kukamata kitu mpaka wenye shughuli wakikomboe. Wenzetu hukamata mkeka, au kiatu cha bwana harusi. Kaka yangu Bilali akasema hapana, sisi tunabeba sufuria la pilau, na pilau lake ndani. Wewe wala hukuwa mtani pale, ulikuwa ndugu wa bibi harusi na mtoto wa mpishi mkuu, lakini usaliti unao tangu utoto. Ukatufungulia mlango wa uani. Mimi nikasimama na buibui langu nikikohoa kila mtu anapopita. Msabaha akawa anapiga picha nyuma ya pipa la maji.

Mama yako hakuambiwa kitu, na hapo ndipo utamu wote ulipokuwa. Alitufukuza na upawa mpaka barabarani. Bilali akatumbukia mtaroni huku sufuria kaliinua juu, punje haikumwagika. Shangazi hakumjali Bilali, akakukamata wewe sikio, akakuuliza mbele ya wageni wote, "Nimezaa mtoto au nimezaa panya?" Mpaka leo watoto wa Dunda wanaambiana hivyo. Nikiitazama sinema ile sicheki tena kama zamani. Tulikuwa wembamba, na sote tulikuwa nyumbani.

Sasa sikia hii ya pili. Msabaha ameandika wezi kumi. Lile guta tulilolitega nje la kubebea sufuria limekuwa gari, na kuna kamera ya kuruka juu ya mapaa. Bilali atatumbukia tena mtaroni, ila mtaro wenyewe utachimbwa upya na kuwekewa magodoro, maana kaka yangu sasa tumbo linamtangulia na akianguka ovyo tutaitana hospitali. Nikamwambia Msabaha kwamba raha ya kwanza haikuandikwa na mtu. Akaniambia mimi ni mtu wa kizamani. Huenda kweli.

Nafasi yako amempa kijana wa Dar, Feisal, mwigizaji hasa, ana adabu na meno mazuri. Jumamosi walikuja kufanya mazoezi uani kwa mama yako. Feisal akaingia kwa kunyata, mgongo umepinda, macho huku na huku, mwizi kamili. Mama yako akamtazama akamwambia karibu mwanangu, pita, mbona unainama, mgongo unauma? Msabaha akasimamisha. Wakarudia. Safari hii akamwuliza ni mtoto wa nani na kama amekula. Wakarudia tena. Akamtengea kigoda na sahani ya mihogo ya nazi, na yule kijana, naye ana njaa zake, akakaa akala.

Tulicheka mpaka tukajishika mbavu. Msabaha peke yake hakucheka. Akamweleza Shangazi, kwa heshima zote, kwamba huyu ndiye Mikdad, amgombeze. Mama yako akajifuta mikono kwenye kanga yake, akasema taratibu, "Mtoto wa watu simtukani, baba. Nileteeni wangu."

Akageukia jiko lake, nasi tukaanza kukunja mikeka ambayo hata haikuwa imekunjuliwa vizuri.

Msabaha sasa anataka kutafuta mwigizaji mwingine awe Shangazi, mama yako akae na wageni katika harusi ya mjukuu wake. Nimemwambia asithubutu, anipe muda mpaka nipate jibu lako. Umetuambia mwakani, ukatuambia mwakani tena, nasi tukaitikia inshallah. Safari hii nakuomba kama ndugu, wala si utani. Mcheza kwao hutunzwa, Mikdad, na mjomba wa bibi harusi haagizi salamu.

Ukija, usimwambie mama yako. Bilali atakupokea, utalala kwake. Asubuhi ya harusi mpishi mkuu atakuwa pale pale kwenye kiti chake karibu na moto, nami nitakuachia mlango wa uani. Ingia, unyanyue sufuria. Huenda akakutukana, na Msabaha atapata sinema yake. Na kama atalia, nitaiziba ile kamera kwa kanga yangu mwenyewe, sehemu ya pili ifie hapo, sitajuta.

Samia anakusalimu sana, na Nasrin anauliza mjomba wake ana urefu gani, maana picha hazisemi. Bilali anakusalimu, anadai bado anaweza kukimbia. Nisalimie Khairat na uwabusu watoto. Mwenyezi Mungu awakinge na kila shari, awafungulie njia ya kheri.

Mama yako sikumwambia kwamba nakuandikia, kwa hiyo salamu zake hazimo humu. Njoo uzichukue mwenyewe.

Wako akupendaye, binamu na mtani wako,
Adila